Spaki na Kigari Kilichokosa Moto

Fundi mwenye karakana mkabala na duka langu la vipuri tulimwita Spaki, kwa sababu hakuna aliyemzidi katika mambo ya umeme wa magari. Alikuwa na namna yake ya kutafuta ubovu. Injini ikiwa inanguruma, aliinama juu yake, akafumba macho, akapitisha vidole kwenye koili, vile vifaa vinavyozipa plagi cheche, moja baada ya nyingine kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Halafu alisema, "Hii hapa." Watu waliokuja kwangu kununua koili aliyowatajia hawakurudi kulalamika.

Kisha moyo wake ukaanza kuzembea. Alianguka kwenye foleni ya benki, akaamkia hospitali, na huko wakampachika kifaa chini ya ngozi ya kifua, cha kuushtua moyo kila unapochelewa kupiga. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia kwamba koili za injini inayowaka zina nguvu ya kukichanganya kifaa hicho, na kikichanganyikiwa, moyo wake hauna tegemeo jingine. Injini ikiwa imezimwa, ashike atakacho. Ikiwaka, akae mbali nayo.

Alirudi karakana. Kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka. Ila tangu siku hiyo kulikuwa na swali ambalo sisi majirani tulilijua na hakuna aliyelitamka mbele yake: fundi wa umeme asiyeweza kusogelea injini inayowaka, bado ni fundi?

Mkewe alimkabidhi kwa kaka yake mwenyewe, mziba pancha wa mlango wa pili, ambaye tulimwita Upepo. Upepo alichukua chaki akachora mstari sakafuni, kuzunguka mahali magari yanapoegeshwa.

"Shemeji, huu ndio mpaka," alisema. "Ukivuka injini ikiwaka, nakushtaki kwa dada, na dada yangu unamjua."

"Namjua. Ndiye aliyeniletea wewe badala ya kunirudishia mahari," Spaki alimjibu.

Walizoea kutupiana maneno namna hiyo tangu walipokuwa mashemeji, na kwa muda kidogo mambo yalikwenda. Yakaja magari ya taa zisizowaka, ya betri zilizokufa. Spaki alishughulika nayo yakiwa yamezimwa. Uso wake ulianza kurudi.

Ndipo mpiga picha mmoja wa harusi akaleta kigari chake cha michezo, cha milango miwili, kifupi hata ukikiegesha kando ya lori unaweza kudhani kimedondoka kutoka ndani yake. Kilikuwa kinawaka vizuri asubuhi, lakini kikishapata joto kinaanza kutetemeka na kukosa nguvu, kama mtu anayekohoa huku akipanda ngazi. Mwenyewe alisema bila kusita kwamba ni koili, na amekileta kwa Spaki kwa sababu ameambiwa ndiye mwenyewe.

Spaki alikifurahia kama zawadi. Alichomoa soketi ya koili ya kwanza, akarudi nje ya mstari, Upepo akawasha. Wakasubiri joto lipande. Wakazima, akairudisha, akachomoa ya pili. Hivyo hivyo hadi ya nne. Kazi ambayo zamani ilimchukua muda wa kunywa chai ilimmalizia asubuhi nzima. Akaamua ni koili ya tatu, maana ilipochomolewa mtetemo haukubadilika. Akaihamishia mahali pa ile ya pili, maana ikiwa koili ndiyo mbovu, ubovu utahama nayo. Haukuhama nayo, bali uliibuka kwenye ya kwanza. Wakarudia, ukaenda ya nne. Akaja dukani, nikamwazima koili mpya. Hali ikawa ileile. Akabadilisha plagi. Ileile.

Jioni alikaa kwenye benchi langu. Aliniambia kwamba koili zote ni nzima. Kinachozisumbua ni waya inayozipelekea umeme, ambayo imekatika kwa ndani mahali fulani kwenye fungu la waya, na ikipata joto na mtikisiko inaachana. Alishaipima injini ikiwa imelala; kipimo kilimwambia waya zote zinapitisha umeme. Ubovu huo hujitokeza injini ikiwa macho tu, na dawa yake ni kuzipinda zile waya polepole, kidogo kidogo, mpaka kidole kifike pale.

"Upepo azipinde," nilisema.

"Alijaribu. Anazivuta kama anavua tairi."

Nikamwambia basi abadilishe fungu lote, atie jipya, amalize. Ninalo dukani. Hata asipojua lilipokatika, gari litapona.

Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Jirani, hiyo si kazi ya fundi. Hiyo ni kazi ya mtu anayebahatisha. Nikianza kubahatisha, nimebakiwa na nini?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta sana tangu siku ile.

Kesho yake mpiga picha alikuja kusema kwamba ana harusi mwisho wa juma, na kwamba kuna karakana nyingine yenye kompyuta ya kupimia. Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma Spaki. Alipoondoka, Upepo aliwasha kigari na kukiacha kipate joto, ili azijaribu tena zile waya. Mteja wa tairi akamwita mlangoni, naye akatoka kidogo tu.

Mimi nilikuwa napanga mikanda ya feni kwenye kibaraza changu. Nilimwona Spaki amesimama kwenye mstari, mikono nyuma kama mtu aliyesubirishwa. Kigari kikaanza kukohoa. Akavuka. Aliinama kama alivyokuwa akiinama zamani, akafumba macho, mkono ukaingia chini ya koili ukitembea juu ya waya. Nilimwita kwa sauti. Injini ikatulia ghafla, ikanguruma sawasawa, safi kabisa. Halafu ikakohoa tena, halafu ikatulia. Alikuwa ameipata. Hapo hapo akateleza chini kando ya tairi la mbele.

Upepo alifika kabla yangu, akazima injini, akamburuta shemeji yake kwa makwapa hadi nje ya mstari. Hapo hapo rangi ilianza kumrudia. Alipofumbua macho aliutazama mkono wake.

"Niliishika," alisema. "Ilikuwa hapa."

"Wapi, shemeji?"

Alifikiri. Hakukumbuka.

Mkewe alikuja na hakumgombeza. Alimfuta vumbi la chaki mgongoni kwa kiganja, taratibu, akamwambia waende nyumbani. Naamini angepata nafuu kama angegombezwa.

Upepo ndiye aliyefunga fungu jipya la waya, nikimsomea rangi za waya moja moja. Kigari kiliwaka, kikapata joto, hakikutetemeka. Mpiga picha alimshika Upepo mkono kwa nguvu, akamwita fundi. Upepo alisema fundi mwenyewe hayupo leo, kisha akaenda nyuma ya karakana na kubaki huko.

Spaki aliomba apewe lile fungu la zamani. Alikaa nalo kwenye benchi langu, akazichuna waya kwa kisu kidogo, sehemu kwa sehemu, kwa siku kadhaa. Mchana mmoja alininyooshea waya moja. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika na kuwa nyeusi, kwenye kona inayokaribia koili ya tatu.

"Hii hapa," alisema.

Nilimwambia nimeiona. Aliendelea kuishika mkononi, akiipinda na kuinyoosha. Gari moja likasimama mbele yetu, dereva akatoa kichwa dirishani akauliza kama Fundi Spaki yupo.

"Hayupo," alijibu Spaki.

Dereva aliitazama ovaroli yake, akanitazama mimi. Niliinamisha kichwa kwenye mikanda yangu ya feni, naye akaondoa gari.