Jaribio Lenye Jina la Baba

Hakuna aliyekubali nitumie jina lake. Nilikuwa natengeneza programu ya simu kwa ajili ya chama chetu cha kufa na kuzikana kule Mungaa, ili mwanachama akifariki, hata aliyehamia mbali apate arifa palepale: simu igonge, jina litokee kwenye kioo. Kuipima kulihitaji tangazo kamili la msiba, na tangazo la msiba halina maana bila jina la mtu. Nilipomwomba katibu wa chama jina lake, alirudisha kiti nyuma.

"Unanichulia, kijana?"

Kwetu ukimtaja aliye hai kuwa amekufa, umemwitia kifo. Mimi nilikuwa na kompyuta na kiburi chake, nikacheka. Baba, aliyekuwa mwenyekiti, naye akacheka, ila kwa sababu nyingine.

"Andika langu," alisema. "Kifo hakisomi simu."

Ndiye pia aliyetatua ubishi wa mlio wa arifa. Kengele ilikuwa ya kanisani, na Waislamu wa chama hawakuitaka. Adhana haikuguswa kabisa. Baba alichukua jembe, akaligonga kwenye jiwe nyuma ya jiko mara tatu, nami nikarekodi. Kaburi linachimbwa kwa jembe, alisema, la Mkristo na la Mwislamu. Mama alitoka jikoni kuuliza tunafanya nini. Tulipomweleza hakututukana, alirudi ndani tu. Jioni, akichambua mboga, aliniambia kwamba habari nzito hubebwa kwa miguu. Nilimjibu kwamba miguu huchelewa.

Hilo tangazo la majaribio lilibaki kwenye kompyuta yangu, na jina kamili la baba ndani yake, hata baada ya programu kuanza kazi. Baadaye baba aliugua. Alilazwa hospitali mjini Singida, nami nikiishi Mandewa, mjini hapohapo, nikawa napokezana zamu na dada yangu kando ya kitanda. Kufuta lile tangazo hakukunijia akilini hata siku moja.

Wiki ya pili ya kulazwa kwake, mama alikwenda Iguguno kumwita mjomba, kaka yake wa pekee, aje kumwona mgonjwa. Ningeweza kumpigia mjomba. Mama alikataa: kaka hapigiwi simu kuambiwa shemeji yako kazidiwa. Aliondoka na simu yake chakavu, ambayo aliizima ili chaji isiishe. Tulikubaliana ataiwasha saa kumi jioni na kufungua data, nami nitakuwa hospitalini, nimwonyeshe baba kwenye video.

Siku hiyo hiyo wanachama walikuwa wakilalamika kwamba simu zao mpya hazigongi. Simu hizo hazitoi mlio mpaka mwenyewe aziruhusu, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza ukurasa wa kuomba ruhusa. Saa nane na robo nilikaa kupima. Tangazo fupi lilipita vizuri kwenye simu yangu. Nikataka kuona refu kama halitakatwa, nikafungua faili la zamani, nikanakili, nikabandika. Chini kuna sehemu ya kuchagua wapokeaji: kundi la majaribio, au wote. Nikabonyeza.

Simu yangu iligonga mara tatu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sekunde nzima. Kisha nikaona idadi ya waliotumiwa: chama kizima.

Arifa ikishatoka hairudi. Nilituma nyingine haraka, vidole vikikosea herufi: mzee ni mzima, ni kosa la mitambo. Ati mitambo! Katibu alipiga kabla sijamaliza kuandika, sauti imepasuka, akinipa pole. Nilimweleza. Akasema, "Nilikuambia," kisha akasema atawarudisha waliokwishatoka na majembe.

Ndipo nikamkumbuka mama. Simu iliyozimwa haikosi ujumbe, unaisubiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeupa ujumbe wa msiba uhai wa siku saba, ili asiye na bando naye asikose kuzika. Saa kumi mama angefungua data, na jembe la mume wake lingegonga mkononi mwake. Kanusho lingefuata, lakini mama ana shinikizo la damu, na nilijua hatafika kwenye ujumbe wa pili.

Nilimpigia: haipatikani. Simu ya mjomba iliita mpaka ikakata, mara sita. Nikamwomba dada asitoke kando ya baba, nikakodi bodaboda mpaka Iguguno.

Sikumbuki upepo wala jua la njia ile. Nakumbuka kutazama saa. Nakumbuka lori la alizeti lililokwama katikati ya barabara, magunia yakishushwa moja moja, na mimi nikimfokea mtu nisiyemjua kana kwamba ndiye aliyebonyeza. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nisianze na neno baba. Nianze na neno mzima.

Saa kumi kasoro dakika tano pikipiki iliingia uani kwa mjomba. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, simu mapajani, bado imezimwa. Nilikuwa nimewahi. Niliruka, nikamkimbilia nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na kwa furaha ya kuwahi nikasahau hata kumwamkia.

Alinitazama mimi. Kijana aliyepaswa kuwa kando ya kitanda saa ile amekuja mwenyewe, mbio, bila shikamoo. Habari nzito hubebwa kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa yangu. Mama aliteleza kutoka kwenye kigoda mpaka chini, akaanza kulia kwa Kinyaturu kabla sijafungua mdomo.

"Mzima!" nilipiga kelele. "Mama, baba ni mzima!"

Hakunisikia, na angenisikia asingeniamini, kwa sababu kwetu mleta msiba siku zote huanza kwa kusema mgonjwa anaendelea vizuri. Mjomba alitokea nyuma ya nyumba, akamwona dada yake chini, akashika kichwa. Nilimpigia dada yangu, nikaweka simu kwenye sikio la mama na kuishikilia hapo kwa nguvu. Baba alikohoa muda mrefu. Kisha nikamsikia akiuliza kwa sauti nyembamba, "Mbona unalia? Nani kafa?"

Mama alimwambia arudie. Alimfanya arudie mara nne. Halafu alinirudishia simu, akajifunga khanga upya, akaniambia nimwamkie. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikasema shikamoo. Aliitikia, lakini hakuniangalia, na niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

Baba alifariki baada ya mavuno yaliyofuata. Niliandika tangazo lake mara ya pili, neno kwa neno lilelile, maana hakukuwa na cha kubadilisha. Nikachagua wote, mara hii kwa haki. Mama alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake. Aliniita kwa kidole.

"Kwa kaka yangu," alisema, "nenda mwenyewe."

Nilikwenda. Mjomba alikuwa uani akianua mahindi. Aliniona nikishuka kwenye bodaboda, akanitazama usoni kwa muda, na safari hii sikukimbia. "Shikamoo, mjomba," nilisema. Aliitikia marahaba, akaingia ndani, akatoka na jembe.