Hodi Kutoka Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini niliua watu wote. Mwalimu wetu wa Kiswahili hapa Kasongo alitaka hadithi ya kutisha, nami niliwamaliza hadi kuku. Nyinyi wadogo mnaoitamani kazi hii, sikilizeni mzee: nimekwisha kustaafu, na diplome ya kumaliza shule bado sijapata.

Mwalimu alinirudishia karatasi akiishika kwa vidole viwili.

"Weye mutoto, hii ni hadithi ama nyama ya soko?"

"Hadithi, mwalimu. Haitishi?"

"Inanuka tu. Mutu haogope damu ya mutu asiyemujua. Anaogopa kitu cha kwake nyumbani kikisogea kidogo."

Ndivyo nilivyojifunza kusogeza: kuchukua kitu cha kila siku na kukiweka pasipo pake. Usiku niliwaachia wavivu. Mimi nilitaka adhuhuri, jua limesimama juu ya njia ya Nyangwe, mbuzi wamelala, vumbi limetulia kama lililokatazwa kupumua. Kisha unanyamazisha. Unaondoa kinu cha jirani, unaondoa redio, unaondoa jogoo, na msomaji hajui kwa nini shingo inamsisimka. Mwisho unanyima jibu. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe.

Hadithi iliyonipa jina ilikuwa fupi. Nyumba tupu, mchana, na sauti ya upole inapiga hodi kutoka ndani, inaomba kutoka. Hakuna anayeitika. Basi.

Perefe, mkuu wa shule, aliniita. "Wadogo wanakataa kuingia mu depo kuchukua mafagio. Nani atafagia?"

"Mimi, perefe."

"Sawa. Na ukisikia hodi, itika."

Likizo ilinihamishia Kabambare, kwa pikipiki na matope, kwa mama mukubwa, dada ya mama yangu. Mume wake, fundi wa kushona, alikuwa amefariki. Cherehani ilibaki katika chumba chake, na mama mukubwa, anayejua kushona vizuri, hakuwa ameingia humo tangu mazishi. Asiposhona angelazimika kuiacha nyumba na kurudi Lusangi kulima kwa kaka yake. Mlango haukuwa hata na kufuli.

"Mama mukubwa, ingia tu."

"Kwa bwana yangu, bila hodi? Miye mwizi? Alikuwa anataka hodi hata nikimuletea chai."

"Basi piga hodi."

Alinitazama. "Na nani ataitika?"

Nikaelewa. Alikuwa anaogopa kuitikiwa, na alikuwa anaogopa kutoitikiwa. Ulikuwa ufundi wangu mtupu, ila hakuna aliyeutunga.

"Nitaitika mimi," nikasema. "Ni kazi yangu."

Adhuhuri niliingia chumbani kupitia dirishani, nimngoje apige hodi. Mwanga ulipenya kwenye nyufa na vumbi likaelea ndani yake polepole, kama linaota. Mkasi ulikuwa wazi. Uzi bado ulikuwa ndani ya sindano. Koti la mkono mmoja lilining'inia ukutani likingojea mwili. Mimi, bingwa wa kutisha, nilikaa mbali na koti lile. Kinu cha jirani kikanyamaza. Ndara zikaja, zikasimama mlangoni.

"Hodi."

Sauti ndogo, kama ya msichana. Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na mkono wa kazi ulitaka kukirefusha. Nikasikia anavyopumua nyuma ya mbao.

"Karibu, mama mukubwa," nikasema. "Karibu ndani."

Mlango ukafunguka. Alisimama kizingitini, akaingia, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka kiganja juu ya gurudumu.

"Sauti yako mubaya," akasema huku akifuta macho. "Kama mbuzi mwenye mafua."

Kisha akakanyaga. Cherehani ikakohoa, ikakimbia, na huko nje kinu kikaanza tena.

Nilistaafu siku ile. Mwalimu anasema nimeharibika, na kweli: siku hizi kila anayepiga hodi katika hadithi zangu namwitikia, hakuna anayeogopa tena. Koti mama mukubwa alilimaliza, akanipa. Ndiyo pensheni yangu. Mkono mmoja aliushona bwana yake, wa pili aliushona yeye, na haulingani kabisa na ule wa kwanza. Wenzangu shuleni wanacheka. Sitaki urekebishwe.