Jani la Isale kwa Rubani

Wifi yangu Tabitha ana mdomo. Nyumba zetu zinatenganishwa na mfereji tu, kwa hiyo najua ninachosema.

Ndege ya jeshi ilipoanguka mazoezini, iliteketeza kahawa yake yote, ile aliyoipanda na marehemu kaka yangu. Rubani alikuwa amesharuka na parachuti, akanasa kwenye mti wa mringaringa katikati ya migomba. Wifi akamfuata pale na jembe mkononi. Kijana wa watu, mkono umevunjika, ananing'inia, akamtazama kutoka juu.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Mashamba yote ya Meru hukuyaona, ukaliona langu? Wewe hata baiskeli usipewe tena."

"Nililichagua kabla ya kuruka, mama," akasema. "Mbele yake kulikuwa na shule."

Kwenye shule hiyo anasoma mjukuu wa wifi, Princess, na saa ile watoto walikuwa kwenye foleni ya uji. Wifi aliliachia jembe likaanguka. Tukamshusha yule kijana, wifi akamfunga mkono kwa kanga yake mwenyewe, na wanajeshi wakaja kumchukua.

Baadaye akaja ofisa kuangalia shamba lililoungua. Akatuambia rubani, Prosper, Mchaga wa Machame, anataka kuacha kurusha ndege. "Anasema mama mwenye shamba alimwambia ukweli."

"Umeona sasa huo mdomo wako?" nikamwambia wifi. Aliingia ndani akalia, nami nikajuta kumchokoza.

Asubuhi nikamkuta mpakani anakata jani la isale. Kwetu Wameru, kama kwa Wachaga, ukiletewa isale kuombwa msamaha hukatai, hata mtu awe amekukosea vipi. Tukashuka mjini, hospitalini alikolazwa.

Prosper alipoliona tu lile jani akainuka kitandani. "Mama, usinifanyie hivyo. Mimi ndiye niliyekuunguzia kahawa, mimi ndiye wa kukuletea."

"Nimekuwahi. Nisamehe lile neno la baiskeli. Na ukinisamehe kweli, utarudi juu."

Alilitazama lile jani, akautazama na mkono wake uliofungwa. Kisha akanyoosha mkono wake mzima akalipokea.

Masika haya tulikuwa shambani tunapanda miche mipya ya kahawa. Asubuhi Prosper alikuwa amepiga simu, akasema leo tutazame juu. Nilidhani anatania. Mara mlima mzima ukanguruma, watoto wa shule wakamwagika uwanjani, na ndege ikatokea juu ya migomba, ikainamisha bawa upande wetu.

Wifi alisimama kati ya miche, matope hadi magotini, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. Sijawahi kumwona mwenye furaha vile, hata siku ya harusi yake. Akavua kitambaa kichwani, akakipunga kwa nguvu zake zote.

"Marahaba, mwanangu!" akapaza sauti. "Marahaba!"