Jinsi Tulivyopanga Jarida la Kwanza la Wanafunzi Thamesmead

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia maktaba ya shule moja ya sekondari kule Hayes, magharibi mwa London, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Nilikuwa nimetoka kufunga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa maktaba nyumbani Tanga. Mkutubi Mkuu, yaani msimamizi wa maktaba, alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa kizima kabisa. Nilipokimbilia vitabu vilivyorudishwa ili nianze kuvipanga, akanishika mkono.

"Acha, dada. Vitabu havina haraka. Leo kaa pale kwenye kona, uangalie watoto wanakwenda rafu gani na wanaondoka na nini."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa. Kesho utanieleza."

Nilidhani ananipima kama nina adabu. Kumbe alikuwa ananifundisha utafiti wa wasomaji: kumjua msomaji kabla hujamwekea kitu mbele yake. Nilifanya kazi chini ya mama yule miaka saba, na hadi leo namwombea dua.

Kutoka Hayes nikahamia Thamesmead, mwisho mwingine wa London, safari ya treni na mabasi mawili. Huku maktaba ilikuwa yangu mwenyewe. Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wiki yangu ya tatu aliniita ofisini, akanisukumia jarida la shule. Karatasi ilikuwa nzito ya kung'aa, na picha yake ilikuwa kwenye jalada.

"Niambie ukweli. Linasomwa?"

Sikumficha. "Hapana, Mwalimu. Leo asubuhi nimeokota nakala tatu kwenye pipa la takataka la kantini."

Alilitazama jarida, akaligeuza picha yake ikaangalia meza. "Basi wanafunzi walitengeneze wenyewe. Mimi nitalisoma mara moja tu, kabla ya kwenda kuchapishwa."

Walijitokeza wanafunzi wanane, ndio wakawa kamati ya uhariri. Mwanzo tulikosea. Tulitunga hojaji, karatasi ya maswali, tukaigawa madarasani. Majibu yakarudi ya mzaha mtupu: wanataka habari za mazimwi, wanataka uchunguzi wa kipara cha mwalimu wa hesabu. Nikakumbuka kona yangu ya Hayes. Nikawatuma wakae kituo cha basi na kantini, wasiulize kitu, wasikilize tu wenzao wanalalamikia nini na wanacheka nini, bila kuandika jina la mtu.

Wakati huohuo tuliyafumua majarida ya kuuzwa dukani, ukurasa baada ya ukurasa, tuone picha inakaa wapi na habari ndefu inaanzia wapi. Kisha tukabandika ukutani mpango wa kurasa. Huo ni karatasi kubwa yenye visanduku, kila kisanduku ukurasa mmoja. Vyetu vilikuwa kumi na sita, kwa sababu karatasi moja ya mchapaji ikikunjwa inatoa kurasa nne, na huwezi kumwongezea moja kwa sababu umenogewa na maneno.

Wasikilizaji wetu wakarudi na jambo ambalo hakuna hojaji ingelipata. Watoto wengi walikuwa wakalimani wa nyumbani kwao. Walikuwa wanawasomea wazazi barua za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, wanapiga simu kampuni ya umeme, wanakwenda na mama kwa daktari. Kamati ikapiga kura: hiyo ndiyo habari kuu, kurasa nne za katikati.

Aliyeomba kuiandika alikuwa Furaha, binti wa miaka kumi na tano ambaye mama yake alikuja kutoka Bukavu kuomba hifadhi. Kiswahili alikielewa chote, ila alinijibu kwa Kiingereza, kama wengi waliokulia hapa. Aliandika siku nne. Siku ya tano akaniwekea karatasi mezani, akabaki amesimama.

Aliandika kwamba alipokuwa na miaka kumi na miwili alimpeleka mama yake kwa daktari wa kisukari. Daktari alisema kidonda cha mguuni ni cha hatari, aende hospitali siku ileile. Mama akauliza, "Anasema nini?" Furaha akaona uso wa mama ulivyochoka, na zamu ya usafi inamngoja jioni. Akamwambia, "Anasema upumzike, upunguze sukari." Baada ya wiki mbili mama alikatwa vidole viwili vya mguu. Tangu siku ile hakuna aliyeujua ukweli ila yeye.

"Mama anajua umeandika?" nikamwuliza.

"Hapana, Miss."

Nilipeleka habari ile kwa Mwalimu Mkuu. Aliisoma mara mbili, wala hakusema kama ilikuwa nzuri. "Haichapishwi mpaka mama aisikie yote," alisema. "Na mkalimani asiwe Furaha. Nenda wewe."

Jumamosi tukapanda ghorofa ya nne, mimi na binti. Mama Furaha alitukaribisha kwa chai na mandazi, akacheka kwamba mwishowe amepata mgeni wa kuongea naye Kiswahili. Nikafungua karatasi. Nilikuwa namfasiria sentensi kwa sentensi, na nilipokaribia pale pa daktari nikapunguza mwendo. Nakiri, nilitaka kulainisha. Maneno yalikuwa yananijia tayari, mazuri, ya kupunguza uchungu. Nikamwona Furaha ananitazama mdomo, nikajua mimi nami nataka kufanya kilekile alichofanya yeye. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

Mama Furaha aliutazama mguu wake. Akakiweka chini kikombe cha chai.

"Miaka yote hii nilisema madaktari walichelewa," alisema. Kisha akamgeukia binti yake, Kiswahili cha Bukavu kikamtoka. "Mwanangu, ulikuwa mtoto. Mimi njo nilikupa kazi ya mutu mukubwa. Na ukaibeba peke yako?"

Furaha, ambaye sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili, alisema, "Nisamehe, mama." Wakakumbatiana palepale kwenye kochi, nami nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Ruhusa aliitoa, kwa sharti moja: habari iandikwe kwa Kiswahili pia, aweze kuisoma mwenyewe. Basi Jumatatu mpango wetu wa kurasa ukavurugika. Kiswahili, hata kwa herufi ndogo bila picha, kilihitaji ukurasa mzima na visanduku vyote vilikuwa vimejaa. Kamati ilibishana saa nzima, mpaka kijana wa habari za mpira akasimama, akaibandua karatasi yake ukutani. "Yangu inaweza kungoja. Tulifungwa, hata hivyo."

Jarida lilipotoka sikuokota hata nakala moja kwenye pipa. Wazazi walikuja kuomba zaidi, tukachapisha tena. Mwalimu Mkuu akaweka utaratibu kwamba mzazi akiitwa shuleni, mkalimani anatafutwa, na mtoto anabaki mtoto. Furaha na mama yake nao walikubaliana wasiende tena kwa daktari bila kuomba mkalimani wa hospitali.

Nimestaafu sasa. Nyinyi mnaolea majarida ya shule leo mna kompyuta zinazopanga kurasa kwa dakika chache, na nafurahi kwa ajili yenu. Ombi langu ni moja: kabla hamjachapisha habari ya mtu, nendeni mkaketi naye. Mimi nilibahatika kuwa na wakubwa walionipa nafasi ya kufanya hivyo, na mama mmoja aliyenifungulia mlango.

Wiki yangu ya mwisho kamati mpya ilinihoji. Walikuwa wasichana wawili, wamejiandaa vizuri. Nikawasimulia haya yote. Yule mdogo akaliacha swali lililofuata kwenye orodha yake, akaniuliza, "Siku ile kwa mama yake, uliogopa?"

"Sana," nikamwambia. "Mpaka neno la mwisho."

Akaandika kama nilivyosema, hakupunguza kitu.