Picha Niliyoibandika Selotepu

Dada yangu mdogo alinipigia simu Ijumaa asubuhi, nikiwa nachambua mchele, akasema anakuja Jumapili baada ya kanisa kuchukua picha yake. Hakusema picha gani, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Nikamwambia karibu sana, nikakata simu, nikauteremsha mkebe wa biskuti ulio juu ya kabati. Ndani yake nikatoa bahasha niliyoitunzia ile picha, nikaifungua. Karatasi ilikuwa inaelekea kuwa nyeupe. Kichwa kilikuwa kimeyeyuka, na mgongo umebaki kivuli cha kijivu ambacho mtu asiyekijua asingekiona.

Ilikuwa picha ya skani ya mtoto wake, iliyochapishwa kliniki mimba ikiwa ya miezi mitano. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati na hakulia. Siku ile hakuna aliyekumbuka kumpiga picha, na hata angekumbuka, nani angethubutu kutoa simu? Kwa hiyo karatasi ile, ndogo kuliko kiganja changu, ndiyo sura pekee ya mtoto iliyobaki. Na aliyeiharibu ni mimi, kwa selotepu.

Lazima nimtaje baba hapa, maana ugonjwa huu nimeurithi kwake. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo, upande wa kufunga bidhaa, na alikuwa akija nyumbani na mabaki ya selotepu angavu mifukoni. Kwetu Kayole, kitu ambacho hakijapigwa selotepu hakikuhesabiwa kuwa mali. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, jalada la Biblia, kifuniko cha rimoti, kioo cha dirisha kilichopasuka kabla hatujahamia na ambacho mwenye nyumba bado anaahidi kukibadilisha. Sufuria na chupa za chai tulizowaazima majirani wakati wa matanga zilikuwa na jina la baba kwenye kikaratasi huko chini, na selotepu juu yake, ili zisipotelee kwa watu. Alitueleza kwamba kitu hiki kilianzia Marekani kwa kufungia vifurushi vya chakula, kisha hali ilipokuwa ngumu watu wakagundua kinaunga pia vitabu vilivyochanika. Alieleza kama aliyekuwepo.

Makosa yalikuwa mawili tu nyumbani mwetu. La kwanza, kuacha ncha ya selotepu bila kuikunja, mwenzako akahangaika kuitafuta kwa ukucha. La pili, kuacha kiputo cha hewa. Kiputo kilifinywa kwa kidole gumba, kikikataa kikafinywa kwa mgongo wa kijiko, mpaka kiishe. Marehemu mama alikuwa akisema ipo siku tutaamka tukute tumebandikwa vitandani. Baba hakucheka.

Onyo tulilipata mapema, ila hatukulisikia. Risiti ya redio, ambayo baba aliibandika kwa ustadi wake wote, iligeuka nyeupe kabla mwaka haujaisha. Tukalaumu jua la dirishani. Watu wazima wenye akili timamu, tukalaumu jua.

Baada ya msiba wa mtoto dada alikuja kukaa kwetu. Picha ilikuwa imeanza kuchanika pembeni kwa kushikwa kila siku. Jioni moja aliiweka mezani akanionyesha kwa ncha ya kidole: kichwa hiki hapa, mgongo huu, na chini kabisa karibu na kona, mguu. "Anapiga teke," akasema. Kisha akaniomba nimtunzie, kwa sababu akikaa nayo hawezi kufanya lolote lingine, na akipata nguvu ataifuata. Aliporudi kwake Komarock, nikaketi na kufanya kile ambacho familia yetu hufanya kwa kitu inachokipenda. Niliipiga selotepu mbele na nyuma, nikasugua kwa kijiko. Kiputo kimoja kilinishinda, huko chini, kikubwa kama punje ya mahindi. Nilikifinya mpaka nikaogopa karatasi itapasuka. Baba akapita akatazama, akatikisa kichwa. "Hapo umeacha hewa," akasema, nami nikakasirika kama mtoto wa shule.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi wa picha karibu na steji ya matatu, Spine Road. Aliigeuza mara moja tu, akashusha pumzi.

"Sister, hii haina wino," akasema. "Hii mashine huchoma karatasi na moto ndio picha itokee. Sasa gundi ya selotepu inaikula polepole."

"Nikiibandua?"

"Utatoka na kila kitu. Usijaribu."

"Na ukiipiga na mashine yako?"

"Naeza kukuwekea hii imebaki. Lakini hii imebaki ni nini, sister?"

Aliipiga hivyo hivyo ilivyo, akanitumia kwenye simu, na kwenye simu ilikuwa ukungu mtupu. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, nikammwagia baba zote. Nikamwambia yeye na selotepu zake, yeye na vijiko vyake, maisha yake yote anabandika vitu bila kuuliza vinataka nini. Ni mzee sasa. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwambie ni mimi niliyebandika," akasema. "Mimi atanisamehe upesi."

Nilitamani kukubali. Nilishafikiria pia kusema imepotea, nikafikiria hata kuwasingizia panya. Usiku ule nililala vibaya, na Jumapili niliamka mapema nikafagia nyumba mara mbili. Kila hatua iliyosikika kwenye ngazi ilinishtua, na nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, hatua haziishi.

Dada alikuja saa saba, akiwa na nguo zake za kanisa, amenenepa kidogo, anatabasamu. Alimsalimu baba, akaketi, akanyoosha mkono kabla hata sijamimina chai. Nikaona baba anafungua mdomo, nikamwahi.

"Nimeiharibu," nikasema. "Niliiwekea selotepu ili isichanike, na selotepu imeifuta. Sikujua. Nimeiharibu mimi, baba hayumo."

Tabasamu lilimtoka. Akaichukua bahasha, akaitoa picha, akaitazama pale pa kichwa ambapo hapakuwa na kitu. Nilitaka anitukane, nijue pa kuanzia. Badala yake aliinuka akaenda dirishani, akasimama kando ya kile kioo chetu chenye ufa, akaigeuza karatasi huku na huku kwenye mwanga.

"Hapa kuna nini?" akauliza.

Nikasogea. Chini karibu na kona, ndani ya kile kiputo kilichonishinda, mahali ambapo gundi haikugusa karatasi, palikuwa peusi na peupe kama siku ya kwanza. Kisigino, na wayo, na vidole ambavyo ungeweza karibu kuvihesabu. Ijumaa nilikuwa nimetafuta uso tu, sikutazama kwingine.

"Mguu wake," dada akasema. Sauti yake ilipasuka. "Dada, mguu wake uko."

Baba alikuja pole pole, akajipenyeza katikati yetu, akaivaa miwani. Akaiona picha, akaona kiputo, na kwa mazoea ya miaka yote ile kidole gumba chake kikanyanyuka chenyewe kwenda kukifinya.

"Baba, hapo usifinye," dada akasema, akaifunika kona ile kwa kiganja.

Baba akaurudisha mkono, akautia mfukoni, na hakuutoa mpaka dada alipoondoka.