Adui wa Gemu na Kaka Masanja

Jamani, hebu nisikilizeni.

Leo hapa Mkuyuni binti yangu ametutafsiria, mimi na kaka yangu Masanja, lile gemu la Kijapani tulilocheza miaka ya tisini bila kuelewa neno.

Nikamuuliza, "Yule jenerali, adui wa kwenye gemu, alichoma kijiji kwa nini?"

"Hasemi, mama."

Nikacheka. "Adui gani hana sababu? Kama mjomba wako alivyovunja mashine yetu ya gemu!"

Kaka Masanja hakucheka.

"Kabula, siku ile niliyoivunja, mama yetu alikuita toka chumbani, homa imempanda. Ulikuwa unacheza. Hukusikia."

Mama alifariki wiki ileile.

Miaka yote hii namwita kaka mkorofi, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nyie mngesema nini?

Nimemshika mkono, nikamwomba msamaha. Mkono hakuutoa.