Konbu Hajafa

Kwa mujibu wa kitabu, dada yangu Itsuko alifariki mwaka 1987. Nilikisoma mwenyewe, nimesimama katikati ya saluni yangu hapa Sakai, mteja kichwani ana povu, na nilipiga ukelele hadi yule mzee akafumbua macho, povu likamwingia.

"Wamemuua dada yangu!"

"Nani kamuua?" aliuliza, huku akipapasa taulo.

"Hawa wenye kitabu!"

Kitabu chenyewe kilisahauliwa kitini na mteja mwingine. Kizito kama tofali. Kimeorodhesha kaseti zote za ile mashine ya gemu, nyekundu na nyeupe, iliyokuwa kila nyumba enzi za ujana wetu: sura ya boksi, mwaka, bei, idadi ya wachezaji na majina ya waliotengeneza. Nilikipekua kwa sababu dada yangu aliwahi kutengeneza gemu moja. Moja tu, na jina lake Fisimaji Tarishi: fisimaji mwenye kofia ya posta, anapanda mito kupeleka barua. Nililikuta ukurasa wa mia nne kumi na mbili. Chini kabisa, kwa herufi za kusoma kwa miwani, wameandika: "Programu: Konbu. Jina halisi Kadowaki Norihiko, alifariki Novemba 1987."

Sasa hebu nieleweke. Konbu ni dada yangu. Miaka ile kampuni za gemu zilikataza watu kuandika majina yao halisi mwisho wa mchezo, eti washindani watawaiba. Kila mtu akajipachika jina la utani. Mmoja Kikohozi, mwingine Baba Tikiti. Dada alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kila mchana alikula tonge la wali lenye mwani mweusi ndani, ule tunaouita konbu. Wakambatiza hivyo hivyo.

Sikungoja jioni. Nilimkabidhi mteja taulo lake, nikakimbia na kitabu hadi supamaketi anakofanya kazi dada, kwenye kaunta ya vyakula vya boksi. Alikuwa anapanga vipande vya figili. Hupanga kila boksi sawasawa, vipande vitano, ncha zikielekea kushoto, na ukimsemesha katikati hajibu mpaka afike cha tano. Nikangoja. Akafuta mikono, akasoma. Akasoma tena.

"Bei wameipata sawa," alisema.

"Itsuko! Wameandika umekufa!"

"Wameandika Norihiko amekufa. Na ni kweli, masikini, alikufa. Pikipiki, mvua. Alikuwa anatuchorea picha. Mtu mzuri sana."

"Siukatai uzuri wake. Lakini programu aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi!"

"Basi nini? Nani ananiulizia, Chizuru?" Akarudi kwenye figili zake.

Ndivyo alivyo huyu mtu. Aliandika gemu zima peke yake, miezi kumi na minne, kwenye chumba kimoja juu ya duka la miwani, huku akitakiwa pia kuwachemshia wanaume chai saa nne na saa tisa. Kisha baba akaugua, akaacha kazi aje kumuuguza, na baba alipofariki miaka sita baadaye kompyuta zilikuwa zimeshabadilika na hakuna aliyemkumbuka. Hakuolewa. Hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake, maana katika familia kila mtu ana kipaji chake.

Lakini kabla sijaondoka kaunta ile niliona kitu. Alikuwa amekifunga kitabu, halafu akakifungua tena, akapitisha kidole taratibu juu ya ule mstari, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nikaandika barua kwa wachapishaji. Barua yenyewe sitaieleza, ilikuwa kali. Siku kumi baadaye akaja saluni mtu mnene wa miaka hamsini, begi mgongoni kubwa kuliko la mpanda milima. Alipiga magoti palepale kwenye nywele za wateja, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu.

"Mimi ni Uozumi. Ndiye niliyemuua dada yako."

Alikuwa msoma mita za gesi kabla ya kustaafu mapema, na kitabu kile alikuwa amekiandika kwa miaka ishirini, kaseti moja baada ya nyingine. Alimwuliza mkurugenzi wa zamani wa kampuni ile, akiwa mzee mgonjwa kitandani, Konbu alikuwa nani. Mkurugenzi akajibu, "Yule kijana aliyekufa." Bwana Uozumi akauliza, na msichana Hamaguchi je, akitaja ukoo wetu? Mkurugenzi akasema, "Huyo alikuwa wa chai."

Wa chai! Nilikuwa na mkasi mkononi, namshukuru Mungu mkurugenzi mwenyewe alishatangulia.

"Toleo la tatu linakwenda mtamboni tarehe ishirini," alisema Bwana Uozumi. "Ni la mwisho. Baada ya hapo nimechoka mimi, na wachapishaji wamechoka nami. Nataka sana kurekebisha. Lakini nahitaji ushahidi. Kile ni kitabu cha marejeo, watu wanakiamini. Nikiandika kwa kusikia tu, nitarudia kosa lile lile."

Ushahidi hatukuwa nao. Karatasi zote zilitupwa kampuni ilipofungwa, Kikohozi na Baba Tikiti hawajulikani waliko. Akabaki mtu mmoja, mama yake Norihiko, mwenye miaka themanini na tisa, huko Himeji. Bwana Uozumi alikuna shingo kwanza.

"Kila toleo hununua nakala mbili," alisema. "Moja ya kusoma. Nyingine huiweka kwenye madhabahu ya marehemu, imefunguliwa ukurasa ule."

Dada, niliyemwita kwa simu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. "Basi tuache," alisema.

"Hatuachi!" nikafoka. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe kila siku basi, basi. Huitaki hata wewe mwenyewe?"

Akaniangalia.

"Naitaka, Chizuru. Naitaka sana. Ndiyo maana naogopa kwenda kumwomba yule mama."

Jumapili tulikwenda, watatu, na begi la Bwana Uozumi likakaa kiti chake peke yake kwenye treni.

Mama Kadowaki alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umepinda, ulimi haujapinda hata kidogo. Alipofungua mlango alimtazama Bwana Uozumi juu hadi chini.

"Wewe, hilo begi utazikwa nalo?"

"Ndani kuna mashine, mama, pamoja na kaseti."

"Mwanaume mzima. Haya, ingieni, msiniachie baridi."

Madhabahu ilikuwa katika chumba cha ndani. Picha ya kijana mwenye nywele ndefu, kikombe cha maji, na kitabu, kimefunguliwa mia nne kumi na mbili, mstari wa chini umepigwa wino mwekundu. Dada aliwasha kijiti cha udi, akaunganisha viganja, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha tukanywa chai. Dada akazungumzia baridi. Akazungumzia bei ya figili. Akasifu machungwa ya mama, akala moja, akala la pili, na mimi nikahesabu dakika arobaini za machungwa na figili, na treni ya kurudi inakaribia, na tarehe ishirini ni Alhamisi.

"Mama," nikasema, "Konbu ni huyu hapa."

Dada alinifinya paja. Alama yake ilikaa wiki nzima.

Mama Kadowaki hakushtuka. Aliweka kikombe chini.

"Najua," alisema.

Aliinuka kwa kushika meza, akafungua droo, akarudi na barua, bahasha imechakaa kwenye mikunjo. Akampa Bwana Uozumi, kwa sababu alitaka isomwe kwa sauti na macho yake hayawezi. Ilikuwa ya Agosti 1987. Norihiko anamwambia mama yake joto ni kali, amepungua kilo mbili, asiwe na wasiwasi. Halafu: "Gemu zima analiandika binti Hamaguchi peke yake. Tunamwita Konbu. Mimi namchorea tu, na kila wiki ananirudishia picha zangu, anasema punguza nukta, zinajaza kaseti. Ni mkali lakini ana haki."

"Kitabu kilipotoka mara ya kwanza nilijua wamekosea," alisema mama. "Nikasema kesho nitawaandikia. Lakini siku ile jina la mwanangu lilikuwa limechapishwa, lina wino, watu wasiomjua wanalisoma. Alikufa na miaka ishirini na tano, hana mke, hana mtoto, hana hata akiba. Nikasema kesho kutwa. Kila asubuhi namsomea huo mstari. Miaka kumi na moja. Nilikuwa najua ninakuibia, binti yangu."

"Usiseme kuiba, mama," alisema dada. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Niseme kuazima? Nani huazima bila kuomba?" Akamgeukia Bwana Uozumi. "Barua hiyo chukua, ndiyo shahidi wako. Mpe jina lake. Ila kabla hamjaenda niambieni kitu kimoja, na msinidanganye kwa kunihurumia. Humo ndani ya gemu, cha mwanangu ni kipi? Nimelitazama boksi miaka yote, sijawahi kuliona likichezwa. Kama hamna kitu, semeni hamna."

Dada alifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Bwana Uozumi, unganisha mashine."

Aliunganisha nyaya nyuma ya televisheni, akapuliza ile kaseti kama tulivyokuwa tukipuliza zamani. Muziki ukatoka, ule mwembamba wa filimbi, na nikakumbuka dada akiutunga kwa kugonga vijiti vya kulia chakula kwenye bakuli. Fisimaji akasimama ukingoni mwa mto na mfuko wake wa barua. Dada alimpa mama kile kidude cha kubonyezea.

"Nibonyeze wapi?"

"Usibonyeze, mama. Kiweke chini."

Akakiweka kwenye mkeka. Tukangoja. Maji yalitiririka kwenye kioo, mawingu mawili yakapita. Mimi nilidhani mashine imeganda.

Kisha fisimaji akaketi. Akavua kofia, akaiweka kando. Akapiga mwayo mrefu, mdomo wazi mpaka kooni, na badala ya kuziba mdomo akaziba macho kwa mkono.

Mama Kadowaki alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Macho!" alisema. "Macho, tangu mdogo! Nilimwambia, we mtoto, watu huziba mdomo. Ananijibu, mama, mdomo hauoni aibu, macho ndiyo yanaona. Ni yeye. Huyu ni yeye kabisa."

"Alimchora usiku wa zamu bila kuniambia," alisema dada. "Nilimgombeza. Nilimwambia huo mwayo unakula nafasi, hakuna atakayeuona, nani atakaa bila kubonyeza?"

Bwana Uozumi alikuwa amekaa na mdomo wazi. Miaka ishirini na gemu lile, hakuwahi kumwacha fisimaji apumzike. Kisha ule umakini wake wa mita za gesi ukamrudia.

"Samahani, Bi Hamaguchi. Watengenezaji wengi wa wakati ule walificha majina yao halisi humo ndani, ukibonyeza vitufe fulani yanatokea. Nimekutafuta sana. Wewe hukuficha?"

Dada alitazama mkeka.

"Niliweka. Ukurasa mzima, jina langu na la mtaa wetu. Kisha Desemba, baada ya mazishi, kaseti ikajaa. Mkurugenzi akasema kuna kitu lazima kitoke. Ilikuwa ama ukurasa wangu ama mwayo wake."

Mimi niliyemwita mnyonge majuma matatu mfululizo, mbele ya wateja, nilitamani ule mkeka unimeze. Miaka thelathini na sita hakuniambia. Mama Kadowaki alinyoosha mkono wake mkavu, akaushika wa dada, akauweka mapajani mwake kama wa mtoto wake mwenyewe.

"Andika, wewe wa begi," alisema, bila kutoa macho kwenye televisheni. "Programu, Hamaguchi Itsuko. Picha, Kadowaki Norihiko. Na mwayo uandike pia."

"Nitauandika, mama. Ila nahitaji kuona hatua ya pili, kama nako..." Bwana Uozumi akanyoosha mkono kwenye kile kidude, na mama akamchapa kofi la vidole.

"Usiguse!"

Akaurudisha mkono haraka. Tukakaa wanne mbele ya televisheni, chai ikapoa, treni yetu ikaondoka bila sisi, na hakuna aliyebonyeza kitu.